Kila mwezi nalipa deni la mtaa, mbona ada ninazodaiwa zinapanda?

Barua

Kwako Shangazi,

Habari ya siku nyingi? Nakuandikia kutoka Kiamunyi, hapa Nakuru. Mimi na mume wangu tulinunua nyumba mwaka 2019 katika mtaa wa lango moja. Ada ya huduma ni shilingi 4,000 kwa mwezi. Pesa hiyo hulipa askari wa lango, gari la taka, taa za njiani na stima ya kusukuma maji ya kisima chetu. Mpaka mwisho wa 2023 hatukuwahi kukosa hata mwezi mmoja.

Januari 2024 mume wangu aligongwa akitoka kazini kwa bodaboda. Mguu ulivunjika vibaya, akapasuliwa, akakaa nyumbani muda mrefu bila mshahara. Biashara yangu ya kushona sare za shule ndiyo iliyobeba hospitali, karo na chakula. Ada ya mtaa nikaiacha nyuma, Januari hadi Oktoba. Nilimweleza mwenyekiti kwa mdomo, akaniambia pole mama, tutaelewana.

Mwisho wa Oktoba nikaletewa barua ya wakili ya shilingi 66,000. Ada za miezi kumi, 40,000. Riba ya kuchelewa ya asilimia 5 kwa mwezi, 11,000. Gharama ya wakili, 15,000. Sikubisha. Kuanzia Novemba nimekuwa nikituma 8,000 kila mwezi kwa Paybill, yaani 4,000 ya mwezi wenyewe na 4,000 ya kupunguza deni. Kila nikituma, namwandikia mweka hazina WhatsApp, kwa mfano: "Nimetuma 8,000, ni ada ya Novemba na ya Januari iliyobaki." Naye hujibu: "Asante mama, imefika."

Hadi Aprili nimetuma 48,000. Kwa hesabu yangu deni limebaki 42,000. Juzi nimeletewa taarifa ya akaunti kwa mara ya kwanza: 57,540! Nilipoisoma vizuri ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Ada ambazo hazijalipwa ni 54,800, riba ni 2,740, wakili ni sufuri. Shangazi, nilianza nikiwa na ada za 40,000, nimelipa miezi sita bila kukosa, na ada zimepanda!

Mweka hazina anasema katiba ya mtaa inataka pesa ikiingia imlipe wakili kwanza, halafu riba, ndipo ada. Mwenyekiti ananiambia dawa ya deni ni kulipa. Wameweka jina langu na nambari ya nyumba kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, watu wote wakaona. Wanasema mwezi wa tano ukiisha bila kumaliza, maji yatafungwa na askari hawatatufungulia lango tukija na gari.

Jirani mmoja ananishauri niache kulipa mpaka wapate adabu. Mwingine anasema nitume 20,000 niandike "malipo ya mwisho" na deni litakuwa limekwisha. Mume wangu amechoka, anataka tuuze nyumba. Karatasi nilizonazo ni mkataba wa mauzo, hati ya kukodishiwa kwa miaka 99, na cheti cha hisa moja ya kampuni inayosimamia mtaa. Hiyo katiba sijawahi kuiona.

Wananiibia? Nifanye nini?

Mama Wawili, Kiamunyi

Jibu la Shangazi

Mpwa wangu,

Pole kwa ajali, na pole zaidi kwa kutangazwa mbele ya majirani katika mwaka mgumu hivyo. Nimekaa na takwimu zako nikazipiga upya mwezi kwa mwezi. Ulizonieleza hazionyeshi wizi. Hesabu yao inajumlisha sawasawa hadi shilingi ya mwisho, na kwa haki yao niseme hawakutoza riba juu ya riba. Kinachokuumiza ni mpangilio. Kila shilingi inayoingia kwenye akaunti yenye malimbikizo lazima ipewe kazi: imlipe wakili, au riba, au ada. Anayeamua kazi hiyo ndiye anayeamua deni litakwisha lini. Wewe uliamua kichwani na kwenye WhatsApp, wao wakaamua kwenye daftari.

Tazama ilivyokwenda. Novemba ulipotuma 8,000, zote zilimezwa na wakili. Ada ya Novemba yenyewe haikuguswa. Ikaongezwa juu ya zile 40,000, zikawa 44,000, na asilimia 5 ya hizo ikazaa riba nyingine ya 2,200. Desemba, 7,000 zikammaliza wakili na 1,000 ikaenda kwenye riba. Januari na Februari riba ikachukua zote. Machi ndipo ada ilipoonja pesa yako kwa mara ya kwanza, 4,000, na Aprili ikapata 5,200. Jumlisha sasa. Katika 48,000 zako, wakili amekula 15,000, riba 23,800, na ada za mtaa, yaani askari, taka na stima ya kisima, zimepata 9,200 tu. Wakati huohuo ada mpya za 24,000 zimeingia. Ndiyo maana 40,000 zimekuwa 54,800.

Nikageuza mpangilio. Nikaanza na ada zote, ya mwezi na za zamani, kisha riba, kisha wakili. Pesa ni zilezile, tarehe zilezile, riba ileile ya asilimia 5. Kufikia mwisho wa Aprili deni lote lingekuwa 49,800, na ndani yake ada ni 16,000 peke yake. Ungeendelea na 8,000 zako, ada zingekwisha Agosti. Zingebaki riba 20,000 na wakili 15,000, jumla 35,000 ambazo haziongezeki tena, kwa kuwa hakuna ada iliyolala ya kuzaa riba. Kwa mpangilio wao, Agosti hiyohiyo ungekuwa bado unadaiwa karibu 51,800 na riba ingali inatembea. Mwenyekiti ana haki kusema dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa hii inafanya kazi pale inapopelekwa kwenye kidonda.

Sasa, je, wana ruhusa ya kupanga hivyo? Jibu limo kwenye karatasi, na hapa ndipo watu wengi wa mitaa ya lango moja, kuanzia Kiamunyi na Naka hadi Riat kule Kisumu, hawajui wamesaini nini. Kuna mitaa ambayo ni chama tu cha wakazi kilichosajiliwa kama jumuiya. Hicho humdai mwanachama wake kwa katiba aliyoikubali. Kuna magorofa yaliyo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya mwaka 2020, ambako wenye nyumba wote huwa shirika moja kisheria, nalo hutoza michango na lina kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro. Na kuna mitaa kama wako. Ile hisa moja na ile hati ya miaka 99 zinaniambia kwamba unadaiwa na kampuni, na wajibu wako wa kulipa unatoka kwenye hati hiyo pamoja na kanuni za kampuni. Neno "katiba" analolitaja mweka hazina huenda ni kanuni hizo, au huenda ni karatasi ambayo kamati iliandika baadaye na kuipitisha kwenye kikao. Hivyo viwili havina uzito mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana na mtu yeyote, soma hati yako ya kukodishiwa. Tafuta sehemu inayozungumzia ada ya huduma, uangalie mambo matatu: kama riba imetajwa na ni kiasi gani, kama gharama za wakili zinaweza kubebeshwa mwenye nyumba, na kama kuna mpangilio wowote wa malipo. Kisha iandikie kampuni uombe nakala ya kanuni zake na azimio lililoweka hiyo asilimia 5. Wewe ni mwanahisa, si mpangaji, na hesabu za mwaka za kampuni ni haki yako kuziona. Wakikuzungusha, kanuni zipo pia kwenye kumbukumbu za msajili wa kampuni. Na ile fomu ya CR12 inayopatikana kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, itakuonyesha wakurugenzi wa kampuni ni akina nani kisheria. Mara nyingi watu wanaotoa amri kwenye kikundi cha WhatsApp si wale walioandikwa humo.

Ukikuta mpangilio wao umeandikwa wazi kwenye hati uliyosaini, basi una kazi ya kuwaomba na kujadiliana, maana makubaliano yaliyoandikwa ndiyo yatakayotawala. Ukikuta karatasi zimenyamaza, hali ni nyingine. Sheria ya mikataba ya Kenya inafuata misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa na hukumu za mahakama, na humo kuna kanuni ya zamani sana kuhusu jambo hili. Anayelipa ana haki ya kusema, wakati wa kulipa, pesa hii ni ya deni gani. Asiposema, haki hiyo inahamia kwa anayepokea. Wote wawili wakinyamaza na akaunti ni moja inayoendelea, madeni na malipo yakiingia humo mfululizo, malipo hupunguza deni lililotangulia kwanza, kanuni inayokumbukwa kwa kesi ya Clayton ya mwaka 1816. Lakini kwenye deni lenye riba, kunyamaza kuna hatari yake, kwa sababu kwa kawaida pesa isiyotajiwa kazi huhesabiwa kuwa imeanza kulipa riba.

Wewe hukunyamaza, na hili ndilo lililonifurahisha nilipoisoma barua yako mara ya pili. Ulimwandikia mweka hazina: hii ni ada ya Novemba na ya Januari. Akajibu asante, imefika. Hakusema hapana mama, pesa hii inaenda kwa wakili. Alipokea pamoja na maelezo yako, na taarifa ya kwanza ya kukuonyesha vinginevyo imekuja miezi sita baadaye. Kama hati yako haina mpangilio wake, ujumbe huo una nguvu kubwa. Hata kama inao, bado ni jambo la kuwauliza mezani kwa nini walipokea bila kukusahihisha. Usifute chochote. Piga picha za skrini za kila ujumbe na kila jibu, uziweke pamoja na jumbe za M-Pesa, na uzitume kwenye barua pepe yako mwenyewe ili simu ikipotea visipotee.

Nilitaka pia kujua wenzetu wanafanyaje, kwa kuwa ugomvi huu si wa Nakuru pekee. Marekani, ambako vyama vya wenye nyumba vina nguvu nyingi, majimbo yamegawanyika. Sheria ya California inataka malipo yamalize ada kwanza, na zikishakwisha zote ndipo yaguse gharama za kudai, wakili, faini na riba. Texas nayo inaanza na ada zilizochelewa, kisha ada za sasa, ndipo mawakili, na faini ziko karibu na mkia. Chama cha nyumba zaidi ya 14 kule lazima kiwe na utaratibu wa kumruhusu mdaiwa alipe kidogokidogo. Florida ni kinyume kabisa: riba, faini ya kuchelewa, gharama na wakili, na ada mwisho. Kamati yako ingekuwa nyumbani kule Florida. Sheria hizo hazina mamlaka hapa kwetu, lakini zitakusaidia mtu akikwambia kwamba "kila mahali ni hivi". Si kila mahali.

Msimamo wangu nauweka wazi. Ada ndiyo roho ya mtaa. Ndiyo inayomlipa yule askari anayesimama langoni usiku wa mvua, ndiyo inayonunua stima ya kisima. Riba kazi yake ni kumsukuma mtu alipe ada. Ikigeuka kuwa ndiyo inayokula malipo huku ada zikirundikana, imeacha kazi yake, na mtaa wenyewe unapata hasara: mmetoa 48,000 nyumbani kwenu na huduma zimepata 9,200. Hata serikali inalijua hili. Mamlaka ya Ushuru ilipotangaza msamaha chini ya Sheria ya Fedha ya 2023, masharti yalikuwa lipa kodi yenyewe ifikapo tarehe 30 Juni 2024, na riba na adhabu za miaka iliyokwisha kufikia Desemba 2022 zitafutwa. Walitaka kodi iingie kwanza. Mfano huu upeleke kwenye kikao, wanakamati wengi wanaujua.

Na hiyo asilimia 5 kwa mwezi ni asilimia 60 kwa mwaka. Mahakama zetu hazilazimiki kutekeleza adhabu iliyowekwa kwenye mkataba ikiwa haina uhusiano na hasara halisi ya aliyecheleweshewa, na hakimu akiona ni ya kumkomoa mtu anaweza kuikataa. Sikwambii ukimbilie huko. Nakwambia ili ujue unapoomba ipunguzwe huombi sadaka.

Kuhusu zile 15,000 za wakili, omba ankara na risiti. Wakili aliyelipwa kihalali na kampuni atakuwa ametoa ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Ushuru, na itaonyesha ni kazi gani na kwa kiasi gani. Barua moja ya madai ya 15,000 kwa deni la ada la 40,000 inahitaji maelezo. Kama kampuni ilikubaliana bei hiyo na wakili, hilo ni lao na wakili. Wewe hubebi isipokuwa hati inasema utabeba, na hata hapo utabeba kilicho cha haki.

Sasa barua. Iandike kabla ya malipo ya Mei, kwa sababu maelezo ya malipo yanafaa kufika kabla ya pesa au pamoja nayo. Ukiyatuma kesho yake, wenzako watakuwa wameshaandika daftari. Paybill haina nafasi ya kuandika maneno mengi, kwa hiyo tegemea barua. Itume kwa barua pepe ya kampuni, umpelekee mweka hazina nakala ya karatasi aitie saini ya kupokea. Unaweza kuiandika hivi:

"Kuhusu akaunti ya nyumba nambari fulani. Nakubali kwamba nina malimbikizo ya ada. Kuanzia Novemba 2024 nimelipa shilingi 8,000 kila mwezi, na kila mara nilieleza kwa maandishi kwamba ni ada ya mwezi huo na ada ya mwezi wa zamani zaidi. Maelezo hayo yalipokelewa bila kupingwa. Naomba taarifa ya akaunti irekebishwe kulingana na maelezo hayo. Malipo ya Mei ya shilingi 8,000 nitakayotuma kabla ya tarehe 10 ni ya ada peke yake: 4,000 ya Mei, na 4,000 ya ada ya zamani zaidi. Riba na gharama ya wakili nitazizungumzia nikishapata kifungu kinachoziruhusu pamoja na ankara. Naomba kikao ili tuandikiane mpango wa kumaliza."

Hapo mwanzo umekubali deni la ada. Hilo nimeliweka makusudi. Hakimu, msuluhishi au mwanakamati yeyote mwenye busara humsikiliza zaidi mtu anayetaja anachodaiwa kuliko anayekana kila kitu. Riba na wakili hujazikubali wala kuzikataa.

Kwenye kikao, waombe wapige akaunti upya kuanzia Novemba kwa kutanguliza ada. Waombe pia riba isimame kuanzia siku mtakayosaini, mradi unalipa 8,000 kila mwezi bila kukosa, na riba ya zamani ipunguzwe nusu ukimaliza ada zote. Wape na wao kitu: ukikosa miezi miwili mfululizo, makubaliano yavunjike. Wakikubali kusimamisha riba lakini wakakataa kurudi nyuma hadi Novemba, usisaini hapohapo. Ukianzia 54,800, itakuchukua miezi 14 kumaliza ada kwa mwendo wako wa sasa, wakati kwa hesabu ya kurudi nyuma ni minne. Pigania Novemba. Na mtakachokubaliana kiandikwe, kisainiwe na mkurugenzi wa kampuni, kiingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. "Tutaelewana" ya mwenyekiti ndiyo iliyokufikisha kwa wakili.

Ushauri wa jirani wa kwanza uuache. Ukiacha kulipa, askari ndiye anayekosa mshahara, na wewe unapoteza silaha yako kubwa kuliko zote, yaani rekodi ya miezi sita bila kukosa. Wa pili naye amekosea. Kutuma 20,000 na neno "malipo ya mwisho" hakufuti 57,000. Sheria tangu zamani inasema kulipa pungufu ya deni lisilobishaniwa hakulimalizi, hata kama mpokeaji amepokea, mpaka pawe na makubaliano yenye kitu kipya ndani yake. Ungekuwa umetoa 20,000 na bado unadaiwa.

Tishio la maji na lango ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Na nyumba ni yako, barabara ya mtaa ndiyo njia yako ya pekee kuifikia. Kampuni ina njia halali ya kudai pesa, nayo ni kwenda mahakamani. Sisemi mitaa haifanyi haya. Inafanya kila siku, na watu wanaogopa, wananyamaza. Kwako kuna mgonjwa aliyepasuliwa mguu na watoto wawili. Waandikie mara moja, kwa barua ya pekee isiyochanganywa na ile ya hesabu, uwaulize ni kifungu gani cha hati kinachowaruhusu kufunga maji au lango, na uwaambie hali ya mume wako. Wakifunga hata hivyo, usibishane na askari langoni, yeye ametumwa. Nenda kwa wakili siku hiyohiyo akuombee amri ya kuzuia.

Jina lako kwenye WhatsApp ni suala la Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kumkumbusha mdaiwa ni kazi ya mweka hazina, na simu yako anayo. Kuwatangazia majirani wote deni lako kunahitaji sababu ya kisheria ambayo sidhani wanaweza kuionyesha. Waombe walifute. Wasipofuta, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wengi hufuta wakishaona jina la ofisi hiyo kwenye barua.

Mkishindwa kabisa kuelewana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, na Nakuru ipo. Inasikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Kampuni inaweza kukupeleka wewe huko pia, kwa hiyo zile picha za skrini zipange kwa tarehe tangu leo. Bishano likigusa hati ya ardhi yenyewe, litakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapo tafuta wakili.

Kuuza nyumba? Mwambie baba watoto asubiri. Mnunuzi mwenye wakili ataomba barua ya kampuni kuthibitisha kwamba nyumba haina deni la ada, kwa hiyo hizo 57,540 zitakatwa kwenye bei kabla hamjashika pesa. Mtakuwa mmelipa kila kitu, riba na wakili pamoja, na nyumba hamna.

Na ninyi waweka hazina mnaosoma hapa, najua kazi yenu ni ya kujitolea na majirani hawawashukuru. Ombi langu ni moja. Mtu mwenye malimbikizo mtumieni taarifa kila mwezi, siyo baada ya nusu mwaka, na ionyeshe safu nne: ada ya mwezi, ada za zamani, riba, gharama nyingine, na kila malipo yameingia safu gani. Mama Wawili angeiona ya Novemba, mngekaa mkapanga kabla ya Krismasi.

Mpwa wangu, malipo ya Mei yasipite tarehe 10, na barua iyatangulie. Ichukue ile hati uliyonayo, soma ukurasa wa ada ya huduma, uniandikie kinachosemwa kuhusu riba na mpangilio. Tutaendelea kuanzia hapo.

Shangazi